Kwa Baiskeli Hadi Mtae: Matayarisho ya Safari ya Milima ya Usambara

Msafiri atokaye Tanga kwenda Moshi, akishaipita Korogwe, huiona milima ya Usambara upande wake wa kulia imesimama kama ukuta wa ngome. Chini ni mashamba ya mkonge na joto. Juu ni ukungu na miti. Wengi wetu tumeipita milima hiyo mara nyingi ndani ya basi, tukaitazama dirishani kitambo kidogo, kisha tukasinzia. Mara hii, Mungu akipenda, twakusudia kuipanda kwa baiskeli, siku sita, kutoka Mombo hadi Mtae na kurudi. Na kwa kuwa vijana wa nyumba nyingi wametuuliza khabari za safari hii, na wazee wao wametuuliza maswali magumu kuliko ya vijana, tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu jinsi tunavyoitayarisha.

Tu watu wanne. Wawili ni watu wazima, na wawili ni vijana, ambao mmoja wao ana umri wa miaka 16 na ni mtoto wa pekee wa mama yake mjane. Mama huyo hakukataa ombi la mwanawe, wala hakulikubali. Alituita nyumbani kwake baada ya sala ya alasiri, akatukaribisha kahawa na kashata, kisha akasema, "Mwalimu, mimi sina neno na baiskeli. Neno langu ni moja. Huyu akivunjika mguu huko mliko, nani atambeba, na kwa chombo gani, na ampeleke wapi? Nijibuni hilo, kisha mtaniambia habari za milima."

Tulimwambia, "Bi mkubwa, tupe juma moja." Kwa kweli swali lake ndilo lililotufanya tuipange safari upya tangu mwanzo hadi mwisho. Mpango wa kwanza ulikuwa wa vijana, nao ulikuwa wa siku nne tu, tena ulimalizika kwa kuteremka kutoka Mtae hadi uwanda wa chini kwa njia za miguu. Ulikuwa mpango wa kupendeza sana kuusikiliza.

Kwanza tuseme kidogo juu ya chombo chenyewe. Baiskeli si kitu kigeni kwa watu wa pwani. Hubeba madafu, hubeba mkaa, hubeba mtoto kwenda chuoni. Lakini baiskeli ya mzigo na baiskeli ya milimani ni ndugu wasiofanana. Hii ya pili ina tairi nene zenye meno, gia nyingi nyepesi za kupandia, usukani mpana, na breki zenye nguvu. Haikuzaliwa zamani. Katika miaka ya 1970, vijana wa wilaya ya Marin, katika jimbo la California huko Marekani, walikuwa wakichukua baiskeli kuukuu zenye tairi nene, wakazipandisha katika mlima Tamalpais na milima ya jirani, kisha wakashindana kuteremka. Mashindano yao mashuhuri yalianza mwaka 1976 katika njia waliyoiita Repack. Jina hilo lina maana ya kujaza tena, na sababu yake yafaa kila kijana aijue: breki zao zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na kwa ukali wa mteremko grisi iliyokuwamo iliungua ikatoka moshi, hata wakifika chini ikawabidi wafungue kitovu na kukijaza grisi upya. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, akaunda baiskeli iliyokusudiwa mlima tangu mwanzo, na kufika mwaka 1996 mchezo huo uliingizwa katika Olimpiki ya Atlanta.

Basi hata huko ulikozaliwa mchezo huu, jina la njia yake mashuhuri latokana na breki. Sisi nasi twaanzia hapo. Watu wengi wafikiripo mlima hufikiri kupanda, wakaogopa pumzi na mapaja. Kupanda kwachosha, lakini ni nadra kumvunja mtu. Kinachovunja ni kuteremka. Kutoka Lushoto, mji ulio juu kiasi cha mita 1,400, hadi Mombo chini, mtu huteremka kiasi cha mita 1,000 katika barabara ya lami ya kilometa 33 yenye kona nyingi, mabasi na malori. Lau nguvu yote ya mteremko huo ingegeuka joto katika breki, basi kwa mtu na baiskeli na mzigo vyenye uzito wa kilo 80 tu, joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji baridi. Hiyo ni birika kubwa la chai ya wageni. Upepo huchukua sehemu, na tairi huchukua sehemu, lakini sehemu ibakiayo si ndogo. Kwa baiskeli ibanwayo rimu, joto likizidi tyubu yaweza kupasuka. Kwa ile yenye sahani, breki zaweza kulegea mkononi wakati uzihitajipo zaidi.

Kwa hiyo tumewafundisha vijana wetu kutokubana breki mfululizo njia nzima kama afanyavyo mwoga, wala kuiachia baiskeli kama afanyavyo mjinga. Hubana kwa nguvu kabla ya kona, mikono yote miwili, mwili umerudi nyuma kidogo, kisha huachia, breki zikapata hewa. Kila baada ya dakika chache husimama. Na asiiguse sahani kwa kidole ili ajue kama ni ya moto, kwani ni ya moto. Kijana wetu wa miaka 16 alikuwa na vipande vya breki vilivyokwisha kabisa, chuma chasugua chuma, naye alikuwa akijisifu kwamba baiskeli yake ni nyepesi. Fundi alipovitoa na kuviweka mezani hakukuwa na haja ya maneno. Vipya vimekwisha kufungwa, na vya akiba viwili vimo mkobani.

Sasa tuirudie njia. Siku ya kwanza ni kutoka Mombo hadi Lushoto kwa barabara ile ile ya lami. Mombo palikuwa mwisho wa reli ya Tanga tangu mwaka 1905, kabla haijaendelezwa kwenda Moshi, na Wajerumani walioipenda baridi ya Lushoto waliuita mji huo Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Katikati ya njia ni Soni, penye maporomoko ya maji, na hapo ndipo pa kupumzika, kwa kuwa sehemu kubwa ya kupanda huwa imekwisha. Siku ya pili twatoka Lushoto kwa Magamba, twapita kando ya msitu, twaelekea Lukozi na kulala Rangwi. Siku ya tatu twaenda Mtae, kijiji kilichojengwa juu ya ukingo wa mwisho wa milima, ambapo mtu akisimama huona uwanda wa Mkomazi chini yake, na mbele zaidi nchi ya Kenya. Kutoka Lushoto hadi Mtae kwa barabara ni kilometa 60 na zaidi, karibu zote za udongo.

Kijana asomaye hesabu hii atasema kilometa 60 ni kitu gani. Mbona mtu wa Tanga huendesha kilometa 40 kwenda na kurudi shambani bila kutaja? Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Milimani kilometa haihesabiki peke yake. Mwaka 1892 Mskoti mmoja aitwaye William Naismith aliweka kanuni kwa wapandao milima kwa miguu: saa moja kwa kila maili tatu, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kanuni hiyo ni ya mwenda kwa miguu, si ya mwenye baiskeli, nasi twaitumia kwa sababu hiyo hasa. Twajiuliza: baiskeli ya mmoja wetu ikivunjika asubuhi, hata ikabidi wote tutembee tukiisukuma, je, tutafika pa kulala kabla ya giza?

Tazama jinsi hesabu hiyo ilivyofanya kazi. Mombo hadi Lushoto ni maili 20 na nusu na futi 3,300 hivi za kupanda, yaani kiasi cha saa 8 na nusu kwa miguu. Tukiondoka saa 1 asubuhi, twafika saa 9 na nusu alasiri, bado jua lipo. Mpango huo ni salama. Lakini kurudi kutoka Mtae hadi Lushoto kwa siku moja, kama walivyotaka vijana, ni zaidi ya saa 12 kwa miguu hata kabla ya kuhesabu milima iliyomo njiani. Mwezi wa Julai jua la huko huchomoza kiasi cha saa 12 na nusu asubuhi na huchwa karibu na saa 12 na nusu jioni. Maana yake jambo dogo tu, kama mnyororo kukatika, lingetuacha gizani katika njia ya ukingoni. Basi siku moja ikagawanywa kuwa mbili, na safari ya siku nne ikawa ya siku sita. Vijana walinung'unika. Mmoja alisema tumeifanya safari kuwa ya wazee. Tukamwambia kwamba siku mbili zilizoongezeka ndizo zilizomfanya mama wa mwenzake aendelee kutusikiliza.

Ama ile njia ya kuteremka kutoka Mtae hadi uwandani, tumeifuta. Si kwa sababu haipitiki. Wenyeji huipita kwa miguu, wake kwa waume, na mizigo kichwani. Lakini wenyeji wanaijua kila jiwe lake, nao hawana baiskeli begani. Tena mteremko huo waishia katika nchi ya joto, yenye maji machache na miiba mingi, jirani na hifadhi ya Mkomazi penye ndovu na wanyama wakali. Mtu aliyechoka, mwenye pancha mbili, asipatwe na magharibi mahali kama hapo. Tutasimama ukingoni, tutatazama tutosheke, kisha tutageuza baiskeli.

Juu ya majira hapana hiari nyingi. Masika ni Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa huteleza kama sabuni na hujaa katikati ya tairi na chuma hata gurudumu likakataa kuzunguka. Tumechagua Julai, wakati njia zimekauka, na badala yake twanunua baridi. Kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 au zaidi kidogo. Mtu wa pwani asiyejua baridi isipokuwa ya maji ya mtungi hudhani sweta ni pambo. Hatari yake si usiku tu, bali ile saa ya kufika juu, shati limelowa jasho, ukungu unaingia, na mtu ameketi kupumzika. Kila mmoja atachukua shati kavu la kubadili, sweta, kofia ya sufi na koti la mvua, navyo vitafungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Kwa upande wa hewa, kimo cha mita 2,000 hivi si cha kumwugua mtu mwenye afya, ila pumzi hupungua kidogo siku mbili za kwanza, na asishangae.

Maji nayo yana siri yake. Mtu huona kijito kinang'aa kutoka mlimani akafikiri ni zamzam. Lakini milima hii ni shamba kubwa. Kabichi, nyanya, karoti na matunda ya Lushoto huliwa hadi Dar es Salaam, na dawa za kupulizia mboga hushuka na maji. Kijito kitokacho msituni si sawa na kijito kilichopita katikati ya mashamba, na kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi dawa ya shamba. Twabeba lita 3 kila mtu, twajaza penye bomba au chemchemi iliyo juu ya mashamba baada ya kuwauliza wenyeji, na bado twachemsha. Chakula ni tende, njugu, mayai ya kuchemsha, mihogo ya kuchoma popote itakapopatikana, na chai yenye sukari nyingi kuliko tunayoruhusiwa nyumbani.

Yeyote atakayepita huko ayatazame mashamba kwa adabu. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza katika bonde la Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko, ikawalazimisha watu kulima matuta kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito, faida ilichelewa, na Wasambaa waliupinga mpango huo hata ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Yaani watu wa huko wanajua maana ya udongo kwenda na maji, na wanajua pia maana ya mgeni kuja kuwaamrisha. Tairi lenye meno likipita juu ya tuta au ukingo wa mfereji huacha mfuo, na mvua ya kwanza huupanua. Tumepatana: penye shamba baiskeli husukumwa, na salamu hutangulia. Msitu wa Magamba nao ni hifadhi. Mwenye kutaka kuingia ndani, awaone mbega weusi wenye mabega meupe, huanzia ofisi ya misitu Lushoto kuchukua kibali. Sisi tutapita kwa barabara.

Mahali pa kulala tumepauliza mapema kwa simu. Rangwi, wasafiri wa miguu wamezoea kulala katika nyumba ya wageni ya masista wa Kikatoliki. Mzee mmoja alituuliza kama hatuoni vibaya. Hatuoni vibaya. Ni nyumba safi katika nchi ya baridi, wenyewe hupokea wageni wa kila namna, na mahali pa kutandika mkeka wa sala hapakosekani. Kwa upande wa kitoweo tutakula mboga na mayai, na hivyo hapatakuwa na maulizano.

Sala yenyewe imetusaidia kuipanga siku. Kutoka Tanga hadi Mtae ni mbali kuliko zile kilometa 80 na kidogo ambazo wanavyuoni wengi wa madhehebu ya Shafii huzihesabu kuwa mwanzo wa safari ya kupunguza, basi adhuhuri na alasiri twaweza kuzikusanya na kuzipunguza. Twasimama kiasi cha saa 6 na nusu mchana, jua kali, mahali penye maji. Twatawadha, twasali, twala, twakagua nati na spoku. Kisimamo hicho cha saa nzima hakikatwi hata kama vijana wanajiona wana nguvu. Na kama tulivyofundishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba watatu wakisafiri wamweke mmoja wao kuwa kiongozi, sisi nasi tumemweka mmoja. Kazi yake kubwa ni kusema "turudi," na akilisema hapana mjadala. Mwendo huwekwa na aliye dhaifu kuliko wote, naye huendesha wa pili. Wa mwisho ni mwenye vifaa, ili asipatikane mtu nyuma yake.

Vifaa hivyo ni hivi: tyubu mbili kwa kila baiskeli, viraka na solusheni, pampu mbili, spana, kifaa cha kufungulia mnyororo na vipande vyake vya akiba, waya wa breki na wa gia, na ukanda wa mpira, ambao hufunga karibu kila kitu kilichovunjika duniani. Kwa mwili: bendeji, dawa ya vidonda, vijiti viwili vya kunyooshea mguu, na blanketi moja jepesi. Kila mmoja wetu, hata kijana, amefungua gurudumu lake na kuziba pancha mbele yetu, na hakuna atakayekwenda pasipo kofia ngumu kichwani.

Baada ya juma moja tulirudi kwa mama yule na karatasi. Juu yake tulikuwa tumeandika kila kipande cha njia: Mombo hadi Soni, Soni hadi Lushoto, Lushoto hadi Lukozi, Lukozi hadi Rangwi, Rangwi hadi Mtae. Mbele ya kila kipande tuliandika barabara ya magari iliyo karibu, saa ambazo mabasi hupita, na namba ya mwenye gari au pikipiki aliyekubali kuitwa. Tuliandika kwamba hospitali ya wilaya iko Lushoto, na kwamba hakuna mahali katika njia yetu mpya ambapo majeruhi atabebwa mbali na barabara. Aliisoma yote polepole, akavua miwani, akauliza, "Na pale simu isipokamata?"

Tulimweleza kwamba juu ya kilima simu huweza kukamata na bondeni ikakatika. Ndiyo maana tutampigia mara mbili tu kwa siku, asubuhi kabla ya kuondoka na jioni baada ya kufika, na si njiani. Akaomba liandikwe jambo moja zaidi, nasi tukaliandika mbele yake: ikipita saa 2 usiku bila simu, atawapigia wenyeji wetu wa mahali pa kulala, na wakisema hatujafika, ataipigia namba ya gari ya kipande kile bila kungoja asubuhi, na gharama ni juu yetu. Karatasi moja amebaki nayo yeye, ameibandika karibu na saa ya ukutani. Ya pili iko kwa kiongozi wetu, na ya tatu imeshonwa ndani ya mfuko wa koti la kijana.